Manjano ya Usiku Mmoja

Mimi ni wa Rusayo, chini ya mlima unaovuta sigara mchana na usiku.
Kwetu mvua ilipita kwanza ndani ya moshi,
ikateremka kwenye bati, kutoka bati ikaingia pipa,
kutoka pipa ikaingia kwetu,
na meno yangu yalipoota yaliota na ramani:
kahawia hapa, chokaa pale,
mstari mmoja mweusi kama njia ya lava.
Hayaumi. Yanavunja hata mfupa wa mbuzi.
Lakini itazame vizuri picha ya harusi yangu:
bibi harusi amebana midomo
kama fundi aliyeshika pini.

Ndiyo maana, hapa Bukavu, katika shule moja ya Kadutu,
muuguzi Ntakwinja alipofungua kisanduku chake
akatamka neno floraidi,
mimi niliyejibanza benchi la nyuma nilisimama.
Hiyo naijua. Hiyo ndiyo iliyonichora.
Nikafungua mdomo mbele ya watu,
nikatoa ushahidi.

Hakunibishia. Alikuja hadi nyuma kule,
akatazama taratibu,
kama mtu aliyeombwa asome barua isiyo yake.
Kisha akauliza: Mama, sokoni unauza nini?
Sukari. Sukari na chumvi.
Kilo nzima ya chumvi kwenye sufuria moja ya sombe, utaila?
Sitaila.
Na sombe isiyo na chumvi kabisa?
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
kiganja mdomoni.

Wewe, akasema, uliinywa kila siku tangu uchanga,
meno yakiwa bado yamelala ndani ya ufizi,
na hakuna aliyekupimia.
Hii ni tone. Inapakwa juu ya jino, hainywewi,
mara mbili kwa mwaka.

Akasema sukari ina wageni wake mdomoni,
wadogo, hawaonekani,
wakishiba hutema uchachu,
na uchachu huchimba jino kutoka chini
kama mvua inavyochimba kilima:
juu nyumba imesimama, pazia limefungwa vizuri,
chini hakuna kitu.
Floraidi huushika udongo kabla haujateleza.
Nyumba iliyokwisha kuanguka, hainyanyui.

Tunaishi Kadutu.
Hilo hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nsimire wangu ana miaka sita
na magego mawili mapya, nyuma kabisa, bado yana haya.
Walimfuta meno kwa pamba,
wakampaka kwa brashi ndogo kama ya wanja.
Dakika chache tu. Hakulia. Alilalamika tu:
Mama, inanata kama ulimbo!
Asile kigumu, wakasema, wala cha moto, hadi jioni.
Leo usiku asipige mswaki, aache dawa ifanye kazi.
Kesho aanze tena na dawa ya meno yenye floraidi,
kiasi cha punje ya harage,
ateme, asimeze.

Nimeandika kwenye karatasi ya sukari: mwezi wa tisa, turudi.
Sukari bado nauza. Mwenye nyumba
hapokei kodi kwa meno meupe.
Ila ile ya kulamba, aliyozoea kuiokota pembeni ya kikombe
kila ninapompimia mteja,
hiyo tumegombana nayo wiki nzima,
na bado sijui nani ameshinda.

Usiku ule umeme ulikatika.
Alilala mdomo wazi, kama kawaida yake.
Niliwasha tochi ya simu, nikainama.
Meno yake, yale yaliyokuwa meupe kama maziwa ya Masisi,
yalikuwa na rangi ya manjano, dawa ikiwa bado haijatoka.
Manjano ya majani makavu. Rangi ya kwetu.

Kwa usiku mmoja tulifanana, mimi na binti yangu.
Nilikaa nikimtazama mpaka betri ikaanza kulia.

Asubuhi alichukua mswaki,
akaisugua yote, akaitema uani.