Mstari wa Ishirini na Tisa

Mstari mmoja asubuhi, umeegemea kulia.
Mwingine mchana, umeegemea kushoto.
Ikikutana juu huwa paa la nyumba.
Aliyekosa nampa duara:
sufuria tupu, ukiitazama kutoka juu.

Darasa la Tano wako arobaini na watatu.
Apondi huitika kabla jina lake halijanitoka.
Omuga huitika mara mbili,
mara ya kwanza yeye,
mara ya pili, kwa sauti nzito zaidi, pacha wake
ambaye bado yuko bombani na mtungi,
nami hujifanya masikio yameanza kuzeeka.

Lakini Ogweno Nyamori.
Mwezi wa tano alikuwa paa, paa, paa,
mtaa mzima wa mapaa mstari wa ishirini na tisa.
Mpunga ukatoa masuke.
Duara.
Duara, duara,
wiki nzima ya sufuria.

Naibu wa mwalimu mkuu akaja na kikokotoo.
"Mahudhurio yako yameshuka hadi themanini na moja.
Andika sababu."
Safu ya sababu ina upana wa kidole gumba.
Nimewahi kuandika humo: homa. Matanga. Mto umefurika.
Sare haijakauka.
Ya Ogweno sikuijua. Nikaacha wazi.

Ijumaa nikavua viatu, nikashika tuta la mfereji.
Nilimsikia kabla sijamwona:
debe, kisha ukelele, kisha kimya,
kisha kwelea wakainuka wote kwa pamoja
kama shuka linalokung'utwa.
Alikuwa juu ya rundo la udongo, kombeo shingoni,
koo limemkauka.
Hakukimbia.
Alinikaribisha kama mwenye duka.

"Wakila hawa, Mwalimu, mama hapati ya kulipia maji.
Asipolipia, mfereji wetu unafungwa.
Ukifungwa..."
Akapiga debe.
Ndege hawangoji mtu amalize sentensi.

Nilikuwa na hotuba. Niliipanga tangu langoni:
haki ya mtoto, sheria, jina la chifu,
na neno "kesho" mara tatu.
Nikaitazama ile hotuba, nikaitazama Ahero
ilivyolala kijani hadi kwenye vilima,
nikaketi, nikaomba debe.
Tukafanya sehemu kwa mdomo. Tatu ya nne, mbili ya tano.
Yeye alikosea mara moja.
Mimi nilikosea mara moja pia,
na wakati natafuta jibu
kundi zima likatua.

Jumapili jioni tukakaa na mama yake
na majirani watatu ambao mashamba yao yanapakana.
Haikuwa rahisi. Mmoja aliniuliza kama serikali italipa mpunga.
Hadi chai ikapoa tulikuwa na zamu:
watoto wanne, debe moja,
kila mmoja akose siku moja,
na siku ya tano akina mama wenyewe.
Mimi nikachukua Jumamosi.

Jumatatu mstari wa ishirini na tisa ukaezekwa tena.
Jumanne, zamu yake, duara,
na katika safu nikaandika: ndege.
Naibu akasoma, akavua miwani, akaivaa.
"Ndege si sababu."
Nikamwambia wali wa leo jikoni, ule anaousifu,
ulikuwa na maoni tofauti.
Hakucheka. Lakini hakufuta.

Kisha malaria ikanilaza, siku nne.
Niliporudi ubao ulikuwa umefutwa,
chaki zimepangwa kwa urefu,
rejista mezani, imefunikwa na gazeti.
Nikaifungua.
Chini ya jina la mwisho,
mstari wa arobaini na nne ambao sikuuchora,
kwa mwandiko unaopanda kama mtu anayekwea tuta:
Mwalimu Jerusa.
Duara. Duara. Duara. Duara.
Na pale kwenye upana wa kidole gumba
neno moja, limefutwa, limerudiwa,
na alama ya kuuliza kubwa kuliko neno lenyewe:

Ndege?