Baisa Hamsini

Ijumaa, baada ya swala, Barka.
Nyuma ya ghala la tende kuna ua wa seng'enge
na karavani nne zimeelekezwa barabarani
kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa majina.

Ya kwanza ndefu mno. Prado yetu ingeivuta
hadi kilima cha Fanja, hapo ikaomba radhi.
Ya pili ina vitanda vitatu, na sisi tu wanne,
na wa tano (mkono wangu ukapita tumboni)
hajaulizwa.
Ya tatu, bei yake tuliicheka kwa adabu.

Ya nne nyeupe, ufito wa kijani ubavuni,
madirisha yameingia mtoto wa jicho kwa jua.
"Usiipende usoni," nikamwambia Harith.
"Uso wangu una nini?"
"Ushailipa."

Tukasema kwa Kiswahili, lugha yetu ya sokoni,
mwenyewe asisikie: mwanamke wa makamo,
abaya na viatu vya mazoezi,
anazungusha funguo kidoleni, hana haraka.

Harith akapiga goti kwenye tairi, akasoma tarakimu.
"Zina miaka kumi. Mara mbili ya Shamsa."
Na bado zina meno yote.
Hazikuchakaa kwa kutembea,
zimezeeka kwa kukaa.

Mie ndani nabonyeza kuta kwa gumba
kama ninavyobonyeza mapapai,
ila leo natafuta gumu.
Nanusa kabati: nondo, mdalasini, na labda panya.
Navuta droo. Nawasha jiko, linakohoa, linashika.
Shamsa kalala kitandani, kanyoosha vidole vya miguu:
imebaki shibiri mbili. Miaka mitatu, nikahesabu,
akirefuka kwa babake; minne, akirefuka kwangu.
"Huyu bibi atatuuzia jua," Harith akanong'ona mlangoni.
"Mwambie elfu moja na nusu, uone atakavyoguna."

Ndipo Mundhir akajifungia chooni.

Kwanza alicheka. Kisha kimya.
Kisha kilio kile cha kuita kila jina analolijua,
hata la paka wa jirani.
Harith anavuta kitasa, mie nasema na mlango,
Shamsa analia kwa kumuunga mkono nduguye.
Mwanamke akapita katikati yetu,
akatoa sarafu, akaichomeka kwenye ufa wa kitasa,
akazungusha robo.
"Iwekeni hapa juu siku zote," akasema.
"Wangu watatu walijifungia wote, kila mmoja kwa zamu yake."

Kwa Kiswahili. Cha Chake Chake, kimenyooka.

Harith akaangalia dari. Mie nikaangalia mtoto.
Tairi, panya, jua: yote yalirudi
yakasimama kati yetu, hayana pa kukaa.
"Elfu moja na nusu siguni," akasema. "Nakataa tu.
Lakini njooni, kuna mahali hamkubonyeza."
Akainua benchi la dirishani, akakanyaga pembeni,
na sakafu ikanywea kama mkate wa kumimina.
"Maji ya tufani. Toeni mia tatu, za ubao na fundi.
Na tairi nunueni mpya, msiniage na hizo."

Mama mkwe alikwisha tuonya kwa simu:
kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Nilitaka kumjibu kwamba hii haijiuzi
wala haijitembezi, inangoja kuvutwa,
lakini alikuwa ameshakata.

Wiki mbili baadaye, tairi mpya, ubao mpya,
tukarudi Sibu kwa mwendo wa sitini,
malori yakitupigia honi kama maharusi.
Shamsa kageuka nyuma safari nzima.
"Tukikata kona, itajua?"
Itajua, babake akasema, na akaikata kona taratibu sana,
mabega juu, pumzi ndani,
kama mtu aliyebeba sinia la chai.

Sarafu ipo juu ya mlango wa choo.
Kwenye hati ya mauziano haikuandikwa.