Usikaze Bado

Tangu Jumanne hatujasemezana.
Leo Jumamosi, gereji yetu ya Elko, Nevada,
theluji ya Machi imeukaba mlango kwa nje,
na neno la kwanza analoniambia Beñat ni: "Tochi."

Namulika.
"Si hapo. Huku, kwenye bushi."
Bushi siijui. Hasira naijua.
Namulika kidevu chake kilichopakaa grisi,
kisha nasogea, taratibu, mpaka kwenye chuma.

Gari limepandishwa stendi
kama ng'ombe aliyeinuliwa kwa kamba asije akafa amelala,
magurudumu ya mbele yameegemea friza la nyama.
Aliyetuuzia aliliinua inchi sita
kwa vyuma vya bei ya chee,
akatabasamu, akahesabu noti, akahamia Idaho.
Tangu hapo, ukifika maili hamsini na tano
usukani unashikwa na degedege,
kahawa inamwagika, na mama mkwe anasali kwa Kibaski.

Ndiyo maana ya mikono mipya, springi mpya,
shokapu nne nyekundu
zilizoletwa mlangoni kwa masanduku matatu.
Risiti niliiona Jumanne.
Ilikuwa pesa ya paa.
Paa linavuja juu ya kitanda, upande wangu.

Bolti ya zamani imeganda kwa kutu.
Anaipulizia dawa, anaingoja, anaitukana,
anaivika spana bomba la urefu wa mkono
na kujitundika hapo na kilo zake tisini.
Wapi.
Tena. Wapi!
Halafu mlio kama wa mfupa,
na mtu mzima yuko chali sakafuni
anacheka peke yake.
Mimi sikucheka. Nilikimeza kicheko, kikanikwama.

Mkono mpya unaingia upande mmoja.
Upande wa pili, tundu kwa tundu hayaonani,
yamepishana kwa unene wa ukucha.
Anasukuma kwa goti. Anasukuma kwa bega.
Anasoma upya karatasi ya maelekezo, akiishika juu chini.
"Ekseli imerudi nyuma," nasema.
"Umejuaje?"
Nina macho.
Siku nne sina kazi ila kutazama.

Naleta mkanda wa kufungia marobota ya nyasi,
ncha moja kwenye ekseli, ncha nyingine kwenye chesisi,
nabana: tak, tak,
nusu ya tak.
Bolti inapita kwa kidole kimoja.

Sasa spana ninayo mimi, na nina nguvu za siku nne.
"Graciana. Usikaze bado."
"Kwa nini?"
"Likiwa hewani, mpira wa bushi hauko mahali pake.
Ukikaza sasa unaukaza umepinda,
na siku ya kwanza ya mashimo utachanika.
Nati za mwisho hukazwa gari likiwa chini,
limebeba uzito wake."

Tunarudisha magurudumu. Jeki inashuka,
gari linatua, linaguna, linakaa.
Tunatambaa uvunguni wote wawili,
saruji ya baridi mgongoni, bega langu kwenye kwapa lake.

Hapo ndipo nikauliza: "Na paa?"

Tochi sasa ameishika yeye.
Hajibu upesi. Ananimulikia nati.
"Shokapu za nyuma bado zina plastiki," anasema.
"Zinarudishika."

Nakaza mpaka spana inalia.
"Hizo haziezeki hata robo ya paa."
"Najua."
"Basi sogeza mwanga. Zimebaki saba."