Nilidhani Ni Mapambo

Asubuhi hii birika limenitemea chai kwenye mkono wa shati.
Ni birika zuri, mdomo wake mfupi
kama wa mtu aliyenuna,
nami husema: chombo kisichojua kumimina ni sanamu.
Kiwekwe dirishani, kisipewe kazi.

Mlango wa benki ya mtaani kwetu, hapa Tampere,
una mpini wa kuvuta
na kibandiko kinachosema SUKUMA.
Miaka sita kibandiko kinabishana na mpini,
na watu, wapole kama tulivyo, tunapiga bega kwa zamu
kisha tunakiomba kioo radhi.
Mlango unaohitaji maelezo umeshakosea.

Sipendi menyu yenye aina kumi na saba za kahawa.
Sipendi stuli ndefu zinazoning'iniza miguu
kama mtoto anayesubiri sindano.
Mwenzangu ofisini, Eerik, anaamini nyeupe hutibu kila kitu;
kwake nimekula supu bila chumvi
kwa sababu kopo la chumvi halikuonekana ukutani.

Napenda kijikaratasi cha namba kwenye duka la samaki.
Unanyofoa 64, unasimama, unatulia.
Awe waziri, awe mlevi, 63 yuko mbele yako.
Sijapata kuishika haki mkononi ikiwa nyepesi vile.

Na nampenda Sylvi wa sokoni, muuza soseji nyeusi.
Hana nembo. Koti lake la mvua ni la mumewe.
Swali lake ni moja: "Ya euro ngapi?"
Humtajii gramu, humwonyeshi kwa vidole;
unataja fedha, kisu kinashuka,
na jemu nyekundu inakaa kando,
kali ya kukufumba jicho moja.
Nimekaa vikao vya siku mbili juu ya huduma bora.
Hakuna aliyetaja kisu cha Sylvi.

Basi. Alama za hospitali mpya nilizichora mimi.
Mishale myembamba, kijani cha majani machanga
juu ya kijivu cha ukungu.
Tulipewa kikombe. Mganga hajigangi, najua,
lakini mganga huyu alikuwa na kikombe kabatini.

Mwezi wa Machi baba alikwenda kliniki ya macho.
Urho, miaka themanini na mmoja,
arobaini kati ya hiyo kiwanda cha karatasi,
mtu ambaye hajawahi kuuliza njia.
Aliingia saa tatu. Saa tano nikapigiwa simu:
njoo umchukue, yuko chumba cha kufulia nguo.

Nilimkuta kwenye kiti kati ya milima ya mashuka,
kikombe cha kahawa mkononi, biskuti ya pili mdomoni,
akiwaeleza wafuaji jinsi ya kutuliza mashine inayotikisika.
Ukutani, juu ya boksi lililokatwa kwa mkasi,
mtu alikuwa ameandika kwa wino mweusi, mnene, uliopinda:
MACHO – RUDI NYUMA, KUSHOTO, LIFTI.
Mkono wa mama mmoja, Raili.
"Wanakuja wanne, watano kwa siku," alisema,
bila ubaya, akikunja shuka.

Kwenye gari baba alifunga mkanda kwa shida.
"Lile boksi," akasema, "lile nililiona."
Nikamuuliza na mishale yangu.
"Mizuri," akasema. "Mizuri sana.
Nilidhani ni mapambo."

Theluji ilikuwa inayeyuka, barabara yote maji.
Sikuwa na maoni yoyote mpaka nyumbani.

Nilimimina chai. Meza ikalowa.
Baba aliliangalia birika kwa lile jicho lake zima,
akatoa uzi mfukoni, uzi wa kufungia vifurushi,
akauzungusha chini ya mdomo wa birika mara mbili, akakaza fundo.

Halivuji tena.
Limekuwa baya kidogo.