Ngeli

Pale Changamwe, kanisa la mabati kando ya reli,
nilipovuka mlango na joho langu la buluu,
mpiga kinanda alimgusa mpiga ngoma begani:
"Sauti imefika."
Imefika. Kama umeme. Kama shehena bandarini.
Nami nikacheka, nikapanda jukwaani,
sikuona kosa la sarufi.

Miaka kumi na saba niliishi katika ngeli hiyo.
Kwenye mabango ya mkutano wa Tononoka
picha ilikuwa yangu, mdomo wazi,
na chini yake, kwa wino mwekundu: SAUTI.
Mama peke yake, akipiga simu kutoka Wundanyi,
aliniita Mghoi,
nami nikamjibu upesi upesi, nina mazoezi.

Kisha tezi. Ilianza punje ya kunde,
ikawa limau, ikawa kitu cha kufunikwa na leso.
Daktari wa Makadara alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa
mshipa mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo.
"Huu tukiugusa..." akaiacha kalamu imalizie.
Waliugusa.

Siku ya kutolewa nyuzi nesi aliita, "Mghoi Mwakio!"
Mara ya kwanza. Ya pili.
Niligeuka pamoja na wengine kumtafuta huyo asiyeitika,
mpaka mzee mwenye bendeji jichoni
akaisoma kadi iliyo mapajani mwangu:
"Binti, si wewe?"

Sitasema nilikubali.
Usiku, bomba likiwa kavu, nilijifungia bafuni
nikamdai Mungu kama mwenye duka adaivyo:
Ulinikopesha au ulinipa?
Na kama ulinipa, mbona umerudi kuchukua?
Kilichotoka ni mkwaruzo wa sufuria juu ya saruji.
Hakujibu.
Ama alijibu kwa sauti kama yangu ya sasa,
ndiyo maana sikusikia.

Jumapili nilikaa nyuma, karibu na feni mbovu.
Msichana wa Magongo, Mbeyu, aliimba ubeti wangu.
Wangu!
Akaishiwa pumzi palepale nilipokuwa nikiishiwa mimi zamani,
na moyoni nikafurahi, Bwana nisamehe,
kisha nikaona goti lake likitetemeka chini ya joho,
joho langu, pindo nimelishona kwa mkono huu,
furaha ikanichachia mdomoni.

Simu zilikoma. Mchungaji aliniombea mara mbili,
ya tatu akasahau.

Februari Mama Dama alifiwa na mwanawe.
Nilikwenda Miritini matangani, mikono mitupu, koo tupu.
Kwaya iliimba vizuri, ikapanda gari lake, ikaondoka.
Mimi nilimenya vitunguu.
Nilichota maji kwa jirani, nikalala mkekani,
mguu wake juu ya wangu, na lile joto la Februari
likitugandisha kama gundi.
Usiku wa manane akauliza gizani, "Ni nani huyu?"
Nikakwaruza, "Ni mimi."
Hakuuliza mimi nani.

Asubuhi mjukuu wake, hata shule hajaanza,
alikimbilia jikoni kumwambia shangazi yake:
"Yule mama hakwenda zake. Amelala hapa."
Amelala.
A-, silabi moja tu, haina uzito wa punje ya kunde.
Nilibaki nayo mkekani, macho yamefumba,
moshi wa jiko ukinipa kisingizio cha machozi.

Sasa usidhani nimepona.
Nikifua, nyimbo bado hunipanda hadi hapa,
kwenye kovu, zikagonga, zikarudi.
Na Jumapili, wote wakisimama, nitasimama pia,
nitachezesha midomo kwa mazoea.
Humo ndani kelele ni nyingi, ngoma, kinanda, vigelegele.
Yupo anayejua
ni nani aliyenyamaza.