Kiuno cha Mwajabu

Miaka thelathini na moja nimeishi kwa sindano,
kwa hiyo siku Sista Eufrasia aliponiambia, pale Mwananyamala,
"Bi Sikudhani, sasa utaishi kwa sindano,"
nilicheka hadi foleni nzima ikageuka.
Kisha nikalia. Nilikuwa nimemwelewa.

Kariakoo haina siri. Kabla sijafika barazani
habari ilikwisha kukaa kwenye kiti changu.
Muuza vitenge akasema ni soda,
ilhali mimi na soda tunakutana Idi kwa Idi.
Mpiga pasi akasema huo ugonjwa wa matajiri,
akazitazama kandambili zangu, akanyamaza.
Shangazi Havijawa akapiga simu kutoka Mkuranga:
"Sindano usikubali! Kibwana walimchoma Jumatatu,
Jumatano tukachimba kaburi."
Hakusema kwamba Kibwana alifika amebebwa,
mguu umeoza,
miezi minne akiutibu kwa kubadilisha waganga.

Na Mwajabu, wa cherehani ya pili kutoka kwangu,
akaniletea chupa: mwarobaini, mlonge, na nini sijui.
"Chungu huyeyusha tamu, shoga. Hesabu ndogo tu."
Nikanywa wiki mbili,
dawa za Sista nimezifungia kwenye mkebe wa vifungo.
Wiki ya tatu, macho yana ukungu,
nikashona mkono wa gauni shingoni.
Mteja akadhani ni mtindo mpya.

Uchungu haujui kuhesabu.
Asali nayo, wanayosema haina neno kwa kuwa ni ya nyuki,
ikishaingia mwilini haiulizwi kabila.
Dona ni njema, lakini mlima wa dona ni mlima.
Haya nimeyasoma kwenye kidole changu,
tone kwa tone, alfajiri, kabla sijatia chai jikoni.

Insulini yangu inalala ndani ya kopo,
kopo ndani ya mtungi wenye mchanga mbichi,
maana umeme wa kwetu Kigogo una tabia za mume wangu wa pili:
huja usiku, huondoka bila kuaga.
Miguu naikagua kama pindo,
kila usiku, kwa taa, nikitafuta uzi uliochomoka.
Na harusini kwa Zamoyoni nilikula pilau. Ndiyo, pilau,
kiasi cha ngumi yangu, kachumbari ikijaza sahani.
Wakanong'ona, "Si ana sukari huyu?"
Ninayo. Nanyi mnayo.
Kila damu ina sukari. Yangu imekosa wa kuifungulia mlango.

Juzi Mwajabu kaniletea gauni lake la kijani.
"Nipunguzie kiuno, shoga. Mazoezi yamejibu."
Mazoezi gani, na kutwa tumekaa wote hapa?
Mwezi uliopita nilipunguza inchi mbili.
Kabla ya hapo, moja na nusu.
Nikamzungushia futi. Futi haina shoga.
Chini ya cherehani yake chupa za maji, tupu, tatu,
na jua bado halijafika utosini.
"Joto la Dar hili," akasema,
wala sikuwa nimeuliza.

Nikaliweka gauni. Nikafungua mkebe wa vifungo,
nikatoa kile kimashine.

"Mie? Mie mwembamba, mie sili hata—"

"Mwajabu. Fundi hakati kabla hajapima."

Mpiga pasi akajifanya anatafuta mkaa.
Cherehani za baraza zima zikaendelea kukimbia,
ila yake.
Nikamnawisha maji ya chupa yake ya nne,
nikachana karatasi ya sindano mpya.
Akakifuta kidole kwenye kanga, polepole,
kama anayekiaga,
akanipa.