Kombo la Mto

Baba alilipwa kwa futi.
Kila futi kumi za mfereji ulionyooka,
kibaba cha unga wa msaada,
na jina lake, Shaame Faki, likatiwa kwa penseli
kwenye daftari la bwana shamba.
Kamba ya usumba, kigingi hadi kigingi,
kutoka bonde la Kipapo hadi mikokoni.
Mto uliokuwa ukitembea kama mgeni wa harusi,
ukisimama kila mlango kuulizia hali,
ukatiwa njia moja: shuka, usitazame nyuma.

Tukala wali miaka mitatu.
Wa nne bahari ikapanda kwa mfereji ule ule,
bila hodi,
maana njia iliyonyooka haichagui wa kupita.

Leo kamba nimeishika mimi.
Si ile; ile ilioza. Mkono ndio ule.
Asaa anasema mto wa zamani haukufa,
umezikwa tu, na kila kaburi lina alama.
Tunachimba: dongo jekundu, dongo jeusi,
kisha tondo, tupu, zimelala safu,
zikipinda kushoto kuingia kipando cha Bi Mize.
"Hapa," anasema Asaa. "Hapa palikuwa na kombo."

Kombo. Neno tulilokanywa nalo.
Mstari ukienda kombo skuli, bakora.
Mambo yakiharibika, yamekwenda kombo.
Na kaka yangu Kombo, Mungu amrehemu,
alikwenda moja kwa moja maisha yake yote.

Bi Mize hakutia neno. Alitia mguu
katikati ya kipando, matope hadi gotini.
"Mkizi n'tamla. Na huu mpunga,
nani wa kuuambia urudi mwakani?"
Sheha akataja fidia. Akaitaja tena.
Fidia ni neno refu, pishi ni neno fupi,
lakini pishi hujaa.

Basi tukazunguka. Kombo likapinda kombo jengine
kumpisha mwanamke na safu zake sita.
Mbili hatukuweza kuzinusuru.
Alizivuna mbichi, kwa kisu, usiku,
na pepeta zake hatukuzionja.

Siku arobaini za jembe na karai.
Nilipomwaga karai la kwanza
kwenye mfereji wa baba, niliomba radhi.
La pili nikasahau.

Bamvua la mwezi mchanga lilikuja saa kumi alfajiri.
Maji yalifika mdomoni mwa kombo, yakasita,
kama mtoto aliyezoea kufukuzwa chumba cha wageni
na leo anaambiwa: ingia.
Yakalamba tondo. Yakarudi.
Yakaja tena, na povu, na jani moja la mchu,
na kitu chembamba chenye macho mawili
nilichodhani ni jani la pili.

Nikawasha tochi ya simu.
Vifaranga vya mkizi, vifupi kuliko sindano ya mkeka.
Na kamba wadogo, weupe wa kioo,
utumbo wao uzi mmoja mweusi.
Walikwisha jua pa kupinda.
Hapana aliyewawekea kigingi.

Nilihesabu hadi thelathini na nne,
simu ikazima.

Ng'ambo, mtu akakohoa.
Bi Mize, kanga kichwani, ndoo tupu mkononi.
Hakuniamkia. Aliniuliza:
"Wakikua, wapitao kwangu ni wangu?"

Nikasema sijui.

Maji yalikuwa bado yanaingia,
yakigonga ukingo huu, yakigonga ule,
bila haraka ya kufika.
Akaipindua ndoo, akaikalia.